Namhala na Spea Mpya

Gari langu halijawahi kuharibiwa na uchakavu. Linaharibiwa na spea mpya. Najua mafundi wa mjini watanipinga, lakini wengi wao wana ndugu mwenye duka.

Ni Landrova 109, Siriesi Tatu, la mwaka 1979, na ninaishi nalo hapa Kasoli, wilayani Bariadi, ambako pamba ndiyo inayolipa ada za shule na udongo mweusi wa mbuga ndio unaoamua nani atafika aendako. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Si idadi ya matatizo, ingawa shemeji yangu aliwahi kuanza kuhesabu. Watoto wa hapa wanaliita Namhala, yaani mzee, na wakilipita asubuhi huliamkia: "Mwangaluka, Namhala!" Namhala haitikii. Hudondosha tone la oili.

Ukiona gari la umri huo bado linatembea, ujue vifaa vyake vilishakaa vikaelewana. Klachi inashika kinyonge, kwa hiyo propela haipati mshtuko. Pampu inasukuma maji taratibu, kwa hiyo rejeta haivuji sana. Ni baraza la wazee ambalo hakuna anayepaza sauti, kwa sababu hakuna mwenye pumzi ya ziada. Sasa wewe nenda Mwanza, ulete kijana mmoja mwenye misuli kutoka duka la spea, umkalishe katikati yao, halafu ushangae kikao kikivunjika.

Tuliishi kwa amani hadi mwaka 2024. Mwaka huo zikaenea habari kwamba mwezi Oktoba Arusha kungekuwa na tamasha la Landrova, na kwamba nchi nzima ilikuwa inaitwa kwenda kuvunja rekodi ya Wajerumani, ambao mwaka 2018 walipanga msafara wa Landrova 632. Shemeji alikuja na habari hiyo jioni, kabla hata ya kunawa mikono.

"Shemeji," akaniambia, "kweli unaweza kukaa hapa ukakubali Wajerumani watushinde kwa magari ya Waingereza?"

Swali la namna hiyo halina jibu la heshima. Nikanyamaza, naye akakihesabu kimya changu kuwa bajeti.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Sifa zake za ufundi ni mbili: aliwahi kuwa utingo wa lori la pamba, na ana simu yenye bando. Kwenye simu hiyo huangalia video za wazungu wakifufua Landrova katika gereji safi kuliko zahanati, wamevaa glavu. Ubaya wa video hizo ni kwamba boliti zao zinafunguka. Boliti za Namhala zilikwisha funga ndoa na nati zake, na ndoa za zamani hazivunjwi kwa spana namba 13. Unamwagia dizeli, unasubiri. Unamwagia oili chafu, unasubiri. Unachomeka bomba kwenye spana ili mkono wa nguvu uwe mrefu, watu wawili wananing'inia, kisha kinasikika kishindo na kila mtu anashangilia, mpaka mtakapogundua kwamba kilichokatika ni kichwa cha boliti.

Tulianza na mfuniko wa rejeta kwa kuwa ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Mfuniko huo haupo pale kuzuia vumbi tu. Ndani yake kuna springi inayoyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Springi ya mfuniko wetu ilichoka zamani, hivyo maji yakipata moto yalikuwa yakitoka kwa adabu, mimi nasimama chini ya mti, naongeza mengine kutoka kwenye dumu, safari inaendelea. Ulikuwa utaratibu mzuri. Uliniwezesha kujua habari za kila mtu aliyekuwa na nyumba karibu na mti.

Mfuniko mpya ulipofungwa, halikutoka hata tone. Tukapongezana njia nzima, na tulikuwa bado tunapongezana mpira wa juu wa rejeta ulipopasuka. Mgandamizo ulikuwa umenyimwa mlango wake wa kawaida, ukajifungulia mwingine. Tukanunua mpira mpya. Mgandamizo ukahamia kwenye maungio ya rejeta, pale tangi la juu linapokutana na mirija. Rejeta ikapelekwa kulehemiwa. Mgandamizo ukamfuata wota pampu, ukamng'oa sili. Kufikia hapo, kile kitu cha bei ndogo kuliko vyote kilikuwa kimekula mbuzi mzima mwenye mimba. Ndipo nilipourudisha mfuniko wa zamani, na tangu siku hiyo mfumo wa maji hauna neno na mtu. Mfuniko mpya nimeutunza ndani ya boksi chini ya kitanda, umefungwa kwenye karatasi yake.

Mtu mwingine angeacha. Lakini Shemeji alikwisha agiza springi.

Hapa inabidi niwaeleze wenye magari ya kisasa. Landrova hizi za zamani zinakalia springi za majani, vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na waliozibuni walizipa springi za upande wa dereva ujikunjo mkubwa kidogo kuliko za upande wa abiria, kwa sababu dereva yupo siku zote na abiria huja akipenda. Kwa hiyo ya kulia haiwi ya kushoto. Shemeji aliambiwa hivyo dukani, akaona ni maneno ya kibiashara. Chuma ni chuma, alisema. Akaziweka kwa mpangilio zilivyotoka kwenye gunia.

Namhala alipoteremshwa kutoka kwenye jeki alisimama ameinamia kulia, bega moja chini, sura ya mtu anayesikiliza umbea. Nilipoingia mimi upande wa dereva, akainama zaidi. Shemeji akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa chake na yeye kulia, akatangaza kwamba gari limenyooka. Suluhisho alilotoa ni kwamba abiria wote wakae kushoto. Nami nikaona kwamba kwa safari ya Arusha hilo linawezekana, kwa kuwa abiria walikuwa yeye na ndoo.

Baadaye zikaja tairi. Saizi ya Namhala ni 7.50-16, na hizo zinapatikana. Shemeji alileta 9.00-16 zilizotumika, kwa sababu kwenye video wote wanaweka tairi kubwa. Sikatai kwamba zilipendeza. Zilimwinua mzee akaonekana ana hasira. Tatizo lilikuja kwenye kukata kona, kwa maana tairi la mbele lilikuwa linakula majani ya springi. Shemeji akarefusha zile boliti za kikomo zinazouzuia usukani usizunguke sana, na kelele ikaisha. Lakini Landrova ndefu tangu kiwandani haijui kugeuka mahali padogo. Sasa ilikuwa haijui kugeuka kabisa. Nikikosea njia pale senta nilikuwa siwezi kurudi, naendelea mbele mpaka nipate shamba lililokwisha vunwa, nashuka, naomba ruhusa kwa mwenye shamba, nageuza, nashukuru, naondoka. Kuna mzee mmoja nilimtembelea hivyo mpaka akaanza kuniwekea chai.

Na mshale wa spidi ukageuka mwongo. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo, ilhali mshale unahesabu mizunguko tu. Kwa hiyo ukiona 50 unakwenda zaidi ya 50. Kwa Namhala hilo halikuwa na hatari, kwa sababu kuiona hiyo 50 kulihitaji mteremko.

Sasa nizungumzie bodi, maana hapa ndipo nyumba yangu ilipoingia kwenye mgogoro.

Landrova ya kwanza ilitoka mwaka 1948, Uingereza ikiwa imetoka vitani na chuma kikiwa cha mgawo, ndiyo maana bodi zikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Chesisi ni chuma, bodi ni aluminiamu. Faida yake ni kwamba bodi haishiki kutu. Hasara yake fundi wa kuchomelea mageti hakuisikia. Palikuwa na ufa mdogo kwenye ubavu, upana wa ukucha. Fundi akashusha miwani, akagusisha nondo yake ya umeme, na kabla sijasema lolote ufa ukawa dirisha. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, aluminiamu kwenye 660, na mashine ya mageti haijui kunong'ona. Fundi akavua miwani, akachungulia kwenye tundu, akaona kiti cha ndani, akasema: "Bosi, hii bati yenu ni ya sufuria."

Alisema kweli, na ukweli ule ndio ulionipa wazo. Ikiwa bati ni ya sufuria, basi kiraka ni mfuniko wa sufuria. Ndani ya nyumba palikuwa na mfuniko mmoja uliokuwa saizi yake kabisa. Tukaupiga ribiti kuzunguka ukingo, tukauacha na kishikio chake kwa kuwa kinafaa kufungia kamba. Kiraka kile hakijawahi kulegea. Mke wangu, Mama Kulwa, alipokosa mfuniko wa sufuria yake ya wali aliutafuta mchana kutwa, na jioni akauona ukimwangalia kutoka ubavuni mwa gari, una kishikio. Hakusema kitu. Aliingia ndani, akachukua daftari la VICOBA, maana yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chao, akafungua ukurasa wa nyuma na kuandika.

Daftari lile lilikuwa na mstari mwingine tangu zamani: sabuni. Tangi la mafuta la Namhala lina tundu la sindano, na dawa ya tundu la namna hiyo ni sabuni ya mche, unaisugua hadi inaziba. Dizeli haiiyeyushi sabuni, hivyo inaweza kukaa pale miaka. Kinachoiyeyusha ni maji. Shemeji, kwa ajili ya Arusha, alimwosha mzee chini ya tumbo kwa mashine ya presha. Usiku ule tulilala na harufu ya sheli, asubuhi kuku walikuwa wakitembea kwa mashaka, na mche mwingine wa sabuni ukaingia kwenye gari na kwenye daftari.

Halafu viti. Sponji ya viti ilikwisha kuwa unga. Tukiwa katika mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, kununua sponji Mwanza ni fedheha. Nikajaza viti pamba mbegu kutoka stoo. Vilikuwa viti vya kifalme, laini, vyenye joto, kwa kiasi cha majuma machache. Pamba ambayo haijachambuliwa ina mbegu, na mbegu zina mafuta, na panya wa Kasoli wana taarifa zote. Walipozimaliza mbegu za kwenye siti wakahamia kwenye waya.

Kwenye waya walikuta tayari pana msiba. Shemeji alikuwa ameondoa balbu za kawaida za taa kubwa na kuweka za wati 100 kila moja. Piga hesabu: wati 100 kwa betri ya volti 12 ni zaidi ya ampia 8, taa mbili zaidi ya 16, zote zinapita kwenye waya na swichi vilivyozoea nusu ya hapo. Mwanga tuliupata. Kwa sababu ya zile springi, taa ya kushoto ilimulika juu ya miti na ya kulia ikamulika vidole vya wapita njia, lakini mwanga ulikuwepo, pamoja na moshi kutoka nyuma ya dashibodi.

Na ethi nayo ikapotea. Katika gari hili umeme unarudi kwenye betri kwa kupitia bodi na chesisi, na pale aluminiamu inapokutana na chuma, unyevunyevu huotesha ukungu mweupe unaoukatisha. Umeme ukikosa njia ya kurudi nyumbani huzunguka kwa majirani. Nikikanyaga breki, indiketa zikawa zinakonyeza. Nikiwasha taa, mshale wa mafuta unapanda mpaka tangi limejaa. Sijui njia nyingine ya kujaza tangi bila kwenda sheli, na sikutaka itengenezwe. Shemeji alisisitiza. Alileta waya mnene mpya alioununua, ukawa mfupi. Hatimaye kilichofika kutoka kwenye betri hadi kwenye chesisi ni kipande cha waya wa kuanikia nguo. Mstari mwingine kwenye daftari.

Cha mwisho kabla ya safari kilikuwa klachi pleti. Mpya, safi, inayoshika mara moja. Nilisema waziwazi kwamba ile ya zamani ilikuwa na busara. Ilikuwa inateleza kidogo kabla ya kushika, na huko kuteleza ndiko kulikowahifadhi wenzake wote wa nyuma yake. Hakuna aliyenisikiliza.

Siku ya kuondoka walikuja watu wengi kutuaga. Kwenda Arusha kutoka huku unakata ndani ya Serengeti au unazungukia Shinyanga, Singida na Babati, na tulikuwa hatujaamua, kwa kuwa uamuzi huo ulikuwa mbele, kwenye lami. Lami yenyewe hatukuifikia. Niliachia klachi, klachi mpya ikashika kwa nguvu za ujana, tairi kubwa zikagoma kuzunguka kwa sababu ya uzito wao, na kati ya nguvu hizo mbili alikuwepo krosi wa propela ya nyuma, mzee wa mwaka 1979, hana kosa na mtu. Akakatika.

Bado nilikuwa na hila moja, na hii mwenye Landrova ya aina hii aiweke akilini. Unafungua propela ya nyuma na kuiweka ndani ya gari, unabonyeza kile kirungu cha njano kinachoingiza ekseli ya mbele, na unarudi nyumbani ukivutwa na tairi za mbele peke yake. Inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri sana kwenye ardhi kavu. Lakini ilikuwa Oktoba, na wingu moja lililopotea njia likamwaga mvua yake pale mbugani. Udongo ule mweusi ukikauka una nyufa za kumeza mguu. Ukilowa unavimba, unakuwa gundi. Tairi kubwa zikachota wa kutosha kufyatua tofali, zikajaza chini ya madigadi, zikaacha kuzunguka.

Alipita kijana na maksai wanne na mnyororo wa plau. Akalizunguka gari, akalitazama lilivyoinama, akagusa kishikio cha mfuniko wa sufuria.

"Hili linapika?" akauliza.

Shemeji akamweleza kuhusu Wajerumani. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataja bei, akaongeza sharti kwamba injini izimwe, kwa sababu ng'ombe wake hawajazoea kelele zisizo na kazi. Tukarudi Kasoli hivyo, kimya, Shemeji kwenye usukani, tukapitishwa katikati ya senta. Kuligeuza gari hakukuwezekana, kwa hiyo tulivutwa mpaka kwa yule mzee wa shamba, tukageukia kwake. Chai ilikuwa tayari. Arusha nako walipata Landrova za kutosha bila sisi.

Ile wiki iliyofuata nilirudisha kila kitu kilivyokuwa. Klachi ya zamani, tairi za 7.50, balbu hafifu, na springi kuukuu ambazo hazikuwa na upande kwa kuwa zote zilishalala. Krosi tu ndiyo ilibidi iwe mpya, nami nikaipiga chini mara kadhaa kabla ya kuifunga, isije na majivuno. Namhala akawaka kwa mara ya kwanza bila kusukumwa.

Mama Kulwa akatoka na daftari. Akaanza kutembea kuzunguka gari akisoma, kalamu mkononi. Mfuniko wa sufuria: upo, unafanya kazi. Sabuni, miche kadhaa: ipo, haivuji. Waya wa kuanikia: upo, unapitisha umeme. Kanga moja ya zamani, iliyofungwa kwenye chujio la hewa: ipo. Pamba ya viti: ile ya mbegu ilikwisha, hii ya sasa aliichambua yeye kwa mkono, punje kwa punje, na panya hawaitaki. Kisha akaomba aoneshwe vitu vilivyonunuliwa Mwanza. Nikalivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa zito.

"Baba Kulwa," akasema, "kwenye kikundi mwenye hisa nyingi ndiye anayeamua mradi."

Shemeji, ambaye ni ndugu yake kabla ya kuwa fundi wangu, akasema kwamba hesabu iko sawa.

Siku hizi Namhala anafanya kazi. Siku za gulio anabeba michembe na watu wa michembe, na kurudi anabeba mashudu ya ng'ombe. Shemeji ananing'inia nyuma, amerudi kwenye utingo wake wa zamani, na kwa kweli anaumudu. Juzi nilikuwa na shida ya kufika Bariadi, nikaamka mapema, nikavaa vizuri, nikaenda kukaa kwenye siti ya mbele.

"Shemeji," akaniambia taratibu, ameshika noti zake katikati ya vidole, "hiyo imeshalipiwa."

Nikamwangalia Mama Kulwa. Alikuwa anahesabu magunia, hakuinua hata kichwa.

"Kaa nyuma," akasema, "na ushike dumu la maji. Pale kwenye mti wa kwanza utashuka uongeze."